Jembe la Siku ya Tatu

Dawatini pa uhamiaji, afisa aliyevaa sweta la Agosti
aliipindua pasipoti yangu, hii ya rangi ya damu ya mzee,
akasoma nilikozaliwa: Nairobi.
"Umekuja kutembea," akauliza, "au umerudi?"
Nyuma yangu foleni ilikohoa.
Nikasema: kutembea. Ni jibu fupi.
Akagonga muhuri wa siku tisini
nami nikamshukuru, kama mtu aliyepewa kitu.

Kwa Syombua, Donholm, nililazwa chumbani mwake;
yeye na wanawe wakatandika sebuleni.
Sahani zenye ukingo wa dhahabu zilishushwa kabatini,
zile ambazo mama aliwawekea makasisi.
Siku ya kwanza kuku. Siku ya pili kuku.
Ya tatu nikakaa kusubiri jembe
kama methali ilivyoniahidi.
Nilipogusa sufuria chafu, dada alinipokonya sifongo:
"Kaa, mgeni. Utachoka."

Tangu Jumatatu nazungushwa na dalali, Bwana Ondimu,
mtu wa viatu safi na simu mbili.
Ruaka, ghorofa ya nne: akafungua bomba,
bomba likapiga chafya, likatulia, likatema kutu.
"Maji ni Jumanne na Ijumaa. Lakini mandhari, dada!"
Mandhari ni roshani ya jirani,
kaptula ya shule inaning'inia kichwa chini.
Syokimau: "Ukiwa na subira, hapa patakuwa mtaa."
Kinoo: mlango wa bafu hauna nia ya kufungika.
Kila mahali naulizwa, ya kuishi au ya kupangisha?
Kila mahali nasema, bado tunafikiria.

Wingi huo umebeba watu.
Yumo Mwakio, zamu ya usiku, Gothenburg,
anayetaka Wundanyi au asitake kabisa;
simuni ana picha ya kiwanja cha baba yake, mawe manne ya mpaka,
huivuta kwa vidole ikakua, ikakua, hadi ikawa ukungu.
Yumo Wakesho, miaka kumi na mmoja,
anayeuliza watoto wa huku, theluji ikikosekana, huteleza juu ya nini.
Umo mkopo wa nyumba, miaka kumi na tisa imebaki.
Huo nao siku hizi ni mtu, hula nasi.

Zipora alirudi. Aliuza hata vijiko.
Akafungua maabara Rongai, miezi saba,
akarudi.
Sikiliza lugha yetu inavyokataa kusaidia:
alirudi, akarudi,
na msikilizaji hajui ndege ilielekeza pua wapi.

Shuleni Jericho, Bi. Mang'eni alitufundisha kauli kwa kifimbo.
Hama, hamia! Kimbia, kimbilia! Lia, lilia!
Darasa zima tukiimba kiambishi hicho kidogo
kinachodai kuambiwa mahali.
Kuhama nimekujua miaka kumi na saba,
naweza kukufundisha: uzito wa sanduku, kilo ishirini na tatu,
sufuria ipi uiache, nani usimuage.
Ni ile i moja tu inayonishinda.

Usiku wa kuamkia safari, saa tisa, mabomba yaliguna ukutani.
Nilikuwa macho. Masanduku yamesimama mlangoni
kama watoto waliovishwa mapema mno.
Nikaenda jikoni pekupeku,
nikauweka mtungi wa kwanza chini ya bomba, sikio likapima
sauti ya maji inavyokuwa nyembamba yakikaribia shingo.
Hili sikuwa nimelisahau.
Sikujua kwamba sikuwa nimelisahau.
Wa pili. Wa tatu.

Syombua akatokea, leso kifuani, jicho moja limefumba,
akaniangalia nilivyoinama.
Nikangoja aninyang'anye.
"Huo wa bluu umetoboka juu," akasema, "uishie nusu."
Akarudi kulala.